Alama 6 au alama 22: ulemavu wa mgonjwa anayeuguzwa nyumbani unapimwaje?

Juni mwaka jana nilimpima mama yangu mdogo ulemavu, akapata alama 6 kati ya 48, na kadiri alama zinavyopanda ndivyo ugumu unavyozidi. Wiki mbili baadaye nikarudia, akapata 22. Katikati hapo hakuanguka, hakulazwa, na dawa alikuwa anameza zilezile. Maswali yalikuwa 12 yaleyale. Nilichobadilisha ni namna ya kuuliza na muda niliokaa pale jikoni.

Anaishi Uyole, Mbeya, upande ambao nyumba ziko bondeni na barabara iko juu. Ana baridi yabisi ya miaka mingi, ile inayovimbisha vifundo vya vidole na kukaza magoti asubuhi, na presha juu yake. Anatembea, anapika, kanisani huonekana. Ukimwuliza jirani kama yule mama ana ulemavu, atakutazama wewe vibaya. Na watu wa namna yake wamejaa majumbani: wenye kisukari, waliopata kiharusi wakainuka nusu, wenye VVU, wenye moyo, wenye figo. Siku hizi wanaulizwa maswali na kupewa namba. Namba hizo zinatoka wapi, na kwa nini moja inamwona mgonjwa na nyingine inampita?

Jina la ugonjwa halitoshi

Zahanati inajua ugonjwa wako. Kwenye vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, utakuta umri, jinsia, kijiji na ugonjwa. Hutakuta kwamba mama huyu hawezi tena kufunga vifungo vya blauzi. Chukua wazee wawili wenye kisukari cha aina moja. Mmoja ana duka Mwanjelwa na analifungua kila siku. Mwenzake miguu imekufa ganzi, macho yana ukungu, na shamba lake la viazi kule Isyonje amelikodisha. Daftarini hao wawili wanafanana kabisa.

Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitoa mpango wa kueleza ulemavu, uliokaa kama ngazi: ugonjwa unaleta hitilafu mwilini, hitilafu inaleta kushindwa kutenda, kushindwa kunamfanya mtu aachwe nyuma na wenzake. Mpango ule ulilaumiwa sana, na watu wenye ulemavu wenyewe wakiwa mstari wa mbele, kwa sababu mzigo wote uliangukia mwili wa mtu. Ngazi zisizo na mahali pa kushika na milango myembamba vilitoka bila kosa. Mwaka 2001 ukapitishwa mpango mwingine, unaojulikana kwa herufi ICF. Huu unatazama mwili, unatazama shughuli anazofanya mtu, unatazama ushiriki wake kati ya watu, halafu unaweka mazingira mezani pamoja na hivyo vyote: mlima, choo, sheria, nauli ya bajaji, ulimi wa mashemeji.

Ndani ya mpango huo kuna tofauti moja ambayo nadhani ingefundishwa kabla ya kitu kingine chochote, nayo ni ya uwezo na utendaji. Uwezo ni kile ambacho mtu angekifanya akipimwa mahali pamoja palipo sawa kwa wote, bila msaada. Utendaji ni kile anachokifanya kwake, kwa fimbo yake, kwa mjukuu wake, kwenye mteremko wake. Mtembeze mama mdogo kwenye korido ya hospitali yenye vigae, atatembea vizuri na mtaalamu wa fiziotherapia ataandika hivyo. Mwambie apande kutoka kwake hadi barabarani baada ya mvua, kapu mkononi, kwenye lile tope letu jeusi la Uyole, utaona mtu mwingine. Kwa upande wa pili, namfahamu fundi cherehani Iringa aliyekatwa mguu mmoja, ana mguu wa bandia unaomkaa vizuri na kibanda chake kiko hatua kumi kutoka kitandani. Ukipima mwili, huyu ndiye mwenye pengo kubwa. Ukipima siku yake ilivyokwenda, hakosi chochote isipokuwa mpira wa miguu, ambao anasema hakuujua hata alipokuwa na miguu miwili.

Kwa hiyo kila unapoona kipimo cha ulemavu, kiulize kwanza: unapima uwezo au utendaji? Vipimo vingi vinavyotumika majumbani vinataka utendaji. Lakini jibu la haraka linaweza kuuficha. Hapo ndipo alama 16 za mama mdogo zilipopotelea, na nitaeleza.

"Hapana baba, mimi mgonjwa tu"

Ukianza na swali "Je, una ulemavu?" umeshaharibu kazi. Zamani Kiswahili kilisema kilema, kiwete, kiziwi, kipofu, kikimweka binadamu katika ngeli moja na kiti na kijiko. Tukahamia mlemavu, kisha mtu mwenye ulemavu, na hili la mwisho ndilo lililomo kwenye sheria. Lakini sikio la mtaani bado linachora picha zilezile: gongo, baiskeli ya magurudumu matatu, fimbo nyeupe. Bibi mwenye kisukari atakujibu upesi, "Hapana baba, mimi mgonjwa tu," na ukimwandika ana ulemavu atahisi umemwapiza.

Kundi la Washington la takwimu za ulemavu, lililoundwa mwaka 2001 chini ya Umoja wa Mataifa, lililikwepa neno lenyewe. Maswali yake mafupi ni 6. Yanauliza kama, kwa sababu ya tatizo la kiafya, mtu anapata ugumu wa kuona hata akivaa miwani, kusikia hata akitumia kifaa cha kusikilizia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kutuliza mawazo, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuelewana na watu kwa lugha yake ya kila siku. Majibu ni manne: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, siwezi kabisa. Anayehesabiwa kuwa na ulemavu ni yule aliyejibu "ugumu mkubwa" au "siwezi kabisa" angalau mara moja. Maswali ya aina hii yalitumika katika utafiti wa taifa wa ulemavu Tanzania mwaka 2008, uliopata asilimia 7.8 ya watu wa umri wa miaka 7 na kuendelea. Sogeza mstari hadi "ugumu kiasi" na utapata nchi nyingine kabisa, bila mtu mmoja kuugua wala kupona.

Mama mdogo kwenye maswali hayo alijibu "ugumu kiasi" mara mbili, kutembea na kujihudumia. Hakuhesabiwa. Sikilaumu kipimo, kilitengenezwa kwa ajili ya sensa, ambako karani ana dakika mbili na watu tisa wa kuandika. Ila angalia kisichomo: maumivu hayamo, uchovu haumo, mikono haimo. Vimewekwa kwenye orodha ndefu ya kundi hilohilo. Na mgonjwa wa baridi yabisi ni maumivu, uchovu na mikono.

Kiti kilichotobolewa

Kuna kipimo kingine ambacho wauguzi na wataalamu wa fiziotherapia wanakijua, cha Barthel, kilichochapishwa Marekani mwaka 1965. Kina vipengele 10: kula, kuoga, kujipamba, kuvaa, haja kubwa, haja ndogo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kutembea na kupanda ngazi. Jumla ni 100, na hapa alama kubwa ndiyo nzuri. Kwa mtu aliyetoka kupata kiharusi ni kizuri sana, kwa sababu utamwona wiki hii ana 35, mwezi ujao 60. Kwa mtu anayeishi na ugonjwa wa miaka, kinagota darini mapema, yaani alama zinakaribia mwisho wakati ugumu bado upo. Mama mdogo ana 90.

Hata hiyo 90 ina hadithi. Kwenye "kutumia choo" nilimpa alama zote kwa kuwa anakwenda mwenyewe na kurudi mwenyewe. Choo chake ni cha shimo, nyuma ya nyumba. Magoti yake hayachuchumai tena. Alichofanya ni kuchukua kiti cha plastiki cha kijani, cha zile seti za kukodisha misibani, akampa kijana akakitoboa katikati kwa kisu kilichopashwa moto. Kingo za tundu zilibaki na miiba ya plastiki, akazizungushia kitambaa cha khanga na kushona. Kiti kinaning'inia msumarini ndani ya choo. Waliotunga kile kipimo waliwaza choo cha kukalia. Sisi tunachuchumaa, na kuchuchumaa ni kazi kubwa kwa goti kuliko kutembea sakafuni. Alama 10 zake za choo zilitoka kwenye kile kiti. Kisipokuwepo, au akiwa ugenini msibani Tukuyu, hana hata 5. Nilipomuuliza hufanyaje safarini, alisema: "Sinywi chai."

Ndiyo utendaji huo.

Maswali 12

Kipimo nilichotumia mara mbili ni cha Shirika la Afya Duniani, kinaitwa WHODAS 2.0, na mwongozo wake ulitoka mwaka 2010. Kina toleo la maswali 36 na toleo fupi la 12. Kinauliza kuhusu siku 30 zilizopita: umepata ugumu kiasi gani kusimama muda mrefu, kama dakika 30? Kutimiza majukumu ya nyumbani? Kujifunza jambo jipya? Kushiriki shughuli za jamii kama wenzako? Umeguswa kiasi gani moyoni na hali yako? Kutuliza mawazo kwa dakika 10? Kutembea mwendo wa kama kilometa moja? Kuoga mwili mzima? Kuvaa? Kuzungumza na usiowajua? Kudumisha urafiki? Kufanya kazi zako za kila siku? Kila jibu linapewa 0 hadi 4, toka "hakuna" hadi "mkubwa mno au siwezi kabisa".

Mara ya kwanza nilifika saa kumi jioni, nikamwamkia, nikasoma maswali kama yalivyo. "Majukumu ya nyumbani?" Hakuna shida. "Shughuli za jamii?" Hakuna. "Kutembea kilometa?" Ugumu wa kati. Jumla 6, yaani asilimia 12.5.

Mara ya pili nilifika saa moja asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamka mapema, kuna nini?"

Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto, mikono ameikumbatisha kikombe asichokuwa anakinywea. Alikuwa anaikunjua mikono kwa joto. Inachukua karibu saa nzima, Juni na Julai. Nikasubiri. Halafu nikauliza tofauti: mama, mara ya mwisho kwenda kwenye kikundi chenu cha kuzikana ni lini? Akafikiri. Tangu Pasaka hajaenda. Michango anaituma kwa simu. Kwa nini? "Wanakaa chini kwenye mkeka. Nikikaa, nani ataniinua mbele za watu?" Nani anasonga ugali? Mjukuu. Nani anafua? Mjukuu. Ya nani ile ndoo? Ya mjukuu.

Wiki mbili kabla alikuwa ameniambia hana shida na majukumu ya nyumbani, na hakuwa amesema uongo. Kazi zilifanyika. Shida haikuonekana kwa sababu alikwisha punguza maisha hadi yakalingana na mwili. Mwongozo wa kipimo una kanuni juu ya hili na wahoji wengi huiruka: mtu akisema hajafanya jambo fulani siku 30 zilizopita, muulize sababu. Kama sababu ni ugonjwa, andika "siwezi kabisa". Kama hana haja nalo, andika kuwa halimhusu. Jibu lile "hakuna shida, siku hizi siendi" linaweza kuwa 0 na linaweza kuwa 4, na tofauti iko kwenye swali moja fupi: kwa nini?

Kwa kikundi chake sikuandika 4, niliandika 3, kwa kuwa kanisani anaenda, amekaa benchi la mwisho karibu na mlango. Kusimama 3, majukumu 3, kilometa 3, kazi za kila siku 3, kuvaa 2, moyo 2, kuoga 1, kutuliza mawazo 1, urafiki 1. Jumla 22, karibu asilimia 46. Kilometa nayo nilikuwa nimeiacha hewani mara ya kwanza. Ilimaanisha ipi? Ya tambarare au ya kupanda? Anayepanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini na anayetembea tambarare za Usangu hawazungumzii kilometa moja, hata kama futikamba inasema hivyo. Siku hizi nauliza kwa alama za mtaa husika, kwenda na kurudi.

Kidogo

Kuna mtego mwingine ambao ni wetu wenyewe. Kiswahili hakiruhusu mtu aanze na mabaya. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, tumefiwa tu." Ukiuliza mgonjwa anaendeleaje, atasema hajambo kidogo, au anamshukuru Mungu, au hivyohivyo tu. Sasa mweke mbele ya kiwango kinachotaka achague kati ya kidogo, wastani na mkubwa. "Kidogo" ya Kiswahili ni neno la adabu kabla ya kuwa neno la kipimo. Mtu aliyelala kitandani siku tatu atasema ameumwa kidogo. Neno "shida" nalo linayumba: "nina shida na wewe" maana yake nina haja ya kuongea nawe. Ndiyo maana mimi naona "ugumu" ni neno bora kwa maswali haya, ingawa halina ladha.

Kinachosaidia ni kutumia mwili badala ya maneno. Kwenye tiba shufaa, ile ya kuwapunguzia maumivu wenye magonjwa mazito, hutumika kipimo cha mkono kwa maumivu: ngumi ni 0, hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mtu aliyesema "kidogo" kwa mdomo anaweza kukuinulia vidole vinne palepale. Kwa mama mdogo kulikuwa na kichekesho ambacho hakikuchekesha sana: vidole vyake viwili havinyooki, hivyo 5 yake ilionekana kama 3. Ikabidi aseme namba.

Ganzi ya Njombe

Ukitaka kuona ugonjwa na ulemavu vikienda njia mbali, nenda Njombe na Iringa. Utafiti wa taifa wa 2016/17 ulikuta maambukizi ya VVU ya asilimia 11.4 Njombe na 11.3 Iringa kwa watu wa miaka 15 na zaidi, ya juu kuliko mikoa mingine nchini. Dawa za ARV zilianza kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 2004, na wengi walioanza miaka ile walipewa mchanganyiko wenye stavudini, ile waliyoizoea kwa jina la d4T. Iliokoa watu. Pia iliharibu neva za miguu kwa baadhi yao, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri iachwe hatua kwa hatua.

Mzee mmoja Makambako, baada ya kamwene, salamu ya huko, na habari za mvua, alinionyesha kwa fahari kadi yake ya CTC, kliniki ya matibabu ya VVU: virusi havionekani. Kwa kipimo hicho, huyo mzee ameshinda. Kisha akaniambia siku moja alikuwa anatoka shambani, mjukuu akamkimbilia kwa nyuma akipunga kandambili. Ilikuwa imevuka mguuni kitambo, naye akaendelea kutembea na mguu mtupu bila kujua. Tangu hapo anavaa buti, na usiku haendi popote kwa sababu bila kuiona miguu hajui ilipo. Kadi ya kliniki haina mahali pa kuandika kandambili.

Namba inafungua mlango gani?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haidai mguu uliokatwa. Inaueleza ulemavu kama kupoteza au kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine, kwa sababu za mwili, akili au jamii. Kwa maana hiyo mama wa Uyole na mzee wa Makambako wamo. Lakini halmashauri inapotoa ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, anayesimama mlangoni bado anatafuta gongo kwa macho. Aliyeumia kazini akiwa na mwajiri hupimwa na kupewa asilimia ili alipwe fidia. Mkulima wa viazi aliyelemazwa na magoti hana mwajiri, hivyo hana wa kumpimia.

WHODAS nayo haikutungwa ili kuchora mstari kwamba hapa ni mzima na pale ni mlemavu. Matumizi yake mazuri zaidi, kwa maoni yangu, ni kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe: Julai na Januari, kabla ya dawa mpya na baada yake. Anayeipeleka nyumba kwa nyumba kutafuta nani ana namba kubwa apewe msaada atajikuta anawazawadia walioelewa mchezo.

Mwishoni mwa fomu kuna maswali matatu ya siku: katika siku 30, ugumu huu ulikuwepo siku ngapi, siku ngapi hukuweza kabisa shughuli zako, na siku ngapi ulipunguza kazi. Mama mdogo alihesabu kwa Jumapili na siku za soko. Ugumu, siku zote 30. Kushindwa kabisa, 4. Kupunguza, hapo akamtazama yule mjukuu aliyekuwa anaingia na ndoo ya pili kichwani, sare ya shule tayari, soksi mfukoni zisilowe.

"Nikipunguza mimi, anaongeza yeye. Hiyo unaiandika wapi?"

Nilipekua fomu mbele na nyuma. Nikaandika pembeni kwa penseli: mjukuu, darasa la sita, ndoo 2 kabla ya shule.